Kunyoosha meno: vyuma au vifuniko vya plastiki?

Mwezi Desemba mwaka 2023, kampuni ya Kimarekani ya SmileDirectClub, yenye makao yake mjini Nashville, ilitangaza kwamba inafunga shughuli zake duniani kote. Kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 2014 ilikuwa ikiuza vifuniko angavu vya plastiki vya kunyoosha meno, ambavyo mteja alitumiwa nyumbani kwa posta bila ya kulazimika kukaa kwenye kiti cha daktari. Miezi michache kabla ya hapo, mwezi Septemba, ilikuwa imeomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake, ikiwa na deni la karibu dola milioni 900.

Wateja waliokuwa katikati ya tiba, wakiwemo wale wa Uingereza, waliachwa na meno yaliyokwisha kuanza kusogea lakini hayajafika yalikokuwa yakipelekwa. Waliokuwa wakilipa kwa mafungu waliambiwa kwamba wanatarajiwa kuendelea kulipa.

Kisa hicho kinawahusu pia Waafrika Mashariki, walioko nyumbani na walioko ughaibuni. Matangazo ya tabasamu lililonyooka yanawafikia vijana wa Nairobi na Dar es Salaam kama yanavyowafikia wenzao wa London, Muscat na Minneapolis. Swali linaloulizwa sana ni moja: kati ya vyuma vinavyogandishwa kwenye meno na vifuniko vya plastiki vinavyovaliwa na kuvuliwa, kipi ni bora?

Jibu fupi ni kwamba kila kimoja kina kazi kinayoiweza zaidi. Lakini mambo mawili yana uzito kuliko kifaa chenyewe: ni nani anayeisimamia tiba, na je, mgonjwa atakuwa mahali anapoweza kumfikia mtu huyo mpaka mwisho?

Jino husogeaje?

Watu wengi hudhani kwamba jino limekita ndani ya taya kama msumari ndani ya ubao. Sivyo ilivyo. Baina ya mzizi wa jino na mfupa wa taya pana utando mwembamba wa nyuzinyuzi, ambao hulishikilia jino na kulipa nafasi ndogo ya kucheza wakati wa kutafuna.

Jino linaposukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, utando huo hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Upande uliobanwa, chembe hai maalumu huanza kuumeng'enya mfupa. Upande uliovutwa, chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Kwa njia hiyo jino husafiri taratibu ndani ya taya, na tundu lake husafiri pamoja nalo. Mwendo wa kawaida ni takribani milimita 1 kwa mwezi.

Kutokana na maelezo hayo mtu ataelewa mambo matatu. Kwanza, tiba hii haiharakishwi kwa kuongeza nguvu. Nguvu ikizidi, damu hukosa njia kwenye utando, na jino husogea polepole zaidi, tena kwa maumivu. Pili, ncha ya mzizi yaweza kupungua urefu wakati wa safari hiyo. Mara nyingi upungufu ni mdogo usio na madhara, lakini kwa watu wachache huwa mkubwa. Tatu, ikiwa fizi na mfupa vina ugonjwa, kusogeza meno kwaweza kumfanya mtu ayapoteze. Ndiyo maana daktari makini hachukui hatua yoyote kabla ya kuzichunguza fizi na kupiga picha za eksirei.

Vyuma: njia yenye umri mkubwa

Juhudi za kunyoosha meno ni za zamani. Mwaka 1728 tabibu wa Kifaransa Pierre Fauchard alichapisha mjini Paris kitabu kikubwa kuhusu tiba ya meno, na humo alieleza ukanda wa chuma uliopinda kama upinde, ambao meno yalifungiwa kwa nyuzi ili yavutwe mahali pake.

Aliyeifanya kazi hiyo iwe fani kamili ni Mmarekani Edward Angle. Mwaka 1899 alitoa mpango wa kuainisha namna meno ya juu na ya chini yanavyokutana, mpango ambao wanafunzi wa udaktari wa meno wanajifunza hadi leo. Katika miaka ya 1920 alibuni kifaa chenye mfereji mdogo wa pembe nne, ambamo waya hupita. Vyuma vya siku hizi vimetokana na kifaa hicho.

Kwa muda mrefu kila jino lilivishwa pete nzima ya chuma. Kuanzia miaka ya 1970, gundi imara iliwawezesha madaktari kugandisha kipande kidogo tu mbele ya jino. Katika muongo huo huo zilikuja pia nyaya za mchanganyiko wa nikeli na titani, madini ambayo asili ya utafiti wake ni maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani. Waya wa namna hiyo hata ukipindwa hukumbuka umbo lake, na katika kulirudia hulivuta jino kwa upole kwa wiki nyingi.

Mgonjwa mwenye vyuma humwona daktari kila baada ya wiki 4 hadi 8 ili waya ubadilishwe au ukazwe. Tiba nzima kwa kawaida huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili, na meno yaliyopotoka sana huhitaji zaidi. Asiyependa chuma kionekane aweza kuwekewa vibandiko vya kauri vyenye rangi ya jino, au vile vinavyogandishwa upande wa ulimi, ambavyo ni ghali zaidi na huhitaji ujuzi wa pekee.

Vifuniko angavu: wazo la zamani, kompyuta mpya

Wazo la kusogeza meno kwa vifaa vinavyovuliwa nalo si jipya. Mwaka 1945 daktari Harold Kesling wa Marekani alieleza kifaa cha mpira cha kukamilishia tiba ya vyuma. Alisema kwamba kwa kutumia mfululizo wa vifaa vya namna hiyo, kila kimoja kikitofautiana kidogo na kilichotangulia, meno yangeweza kusogezwa hatua kwa hatua. Kikwazo kilikuwa kazi. Kila hatua ilihitaji sanamu mpya ya meno iliyotengenezwa kwa mkono.

Kompyuta ndiyo iliyokiondoa kikwazo hicho. Mwaka 1997 Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliosoma Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya Align Technology katika jimbo la California. Chishti aliwahi kuvaa vyuma akiwa mtu mzima, na alipomaliza alipewa kifaa cha plastiki cha kuyashikilia meno. Aligundua kwamba akiacha kukivaa siku kadhaa meno yalisogea, na akikirudisha yalirejea. Akajiuliza, je, mfululizo wa vifaa kama hicho hauwezi kuifanya kazi yote? Kampuni hiyo ilipata kibali cha mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani mwaka 1998, na bidhaa yake, Invisalign, ikaenea duniani.

Utaratibu wake ni huu. Meno hupigwa picha kwa kifaa maalumu kinachonasa umbo lake pande zote. Programu ya kompyuta huigawa safari ya kila jino katika hatua ndogo, kwa kawaida zisizozidi robo ya milimita. Kwa kila hatua hutengenezwa kifuniko chembamba cha plastiki ambacho mgonjwa hukivaa kwa wiki 1 au 2, kisha huhamia kinachofuata. Vifuniko vyaweza kuwa 20, na vyaweza kupita 50. Mara nyingi daktari hugandisha pia vinundu vidogo vyenye rangi ya jino, ili plastiki ipate mahali pa kushika.

Sharti kubwa ni muda. Kifuniko kinatakiwa kuwa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Huvuliwa wakati wa kula, wa kunywa kitu chochote isipokuwa maji, na wa kupiga mswaki. Basi.

Hataza nyingi za mwanzo za Align Technology zilifikia kikomo mwaka 2017, na kuanzia hapo kampuni nyingine ziliingia sokoni kwa wingi. Baadhi zinafanya kazi kupitia kwa madaktari. Nyingine, kama ile ya Nashville, ziliamua kumwendea mteja moja kwa moja.

Kipi kinaweza nini?

Kwa meno yaliyosongamana kidogo, au yenye nafasi ndogo ndogo, vifaa vyote viwili hutoa matokeo mazuri, na mara nyingine vifuniko humaliza mapema zaidi. Tofauti huonekana kazi inapokuwa ngumu.

Kifuniko ni kizuri katika kuliinamisha jino upande mmoja, lakini hupata taabu kulizungusha jino la duara kama chonge, kwa kuwa plastiki huteleza. Hupata taabu pia kulivuta jino litoke zaidi kwenye ufizi, na kusogeza mizizi kwa umbali mrefu, kama inavyotakiwa pale magego madogo yanapong'olewa ili kupata nafasi. Katika kazi hizo chuma, kilichoshikana na jino na kuongozwa na waya, bado kina nguvu zaidi.

Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulilinganisha safari iliyopangwa kwenye kompyuta na safari ambayo meno yaliifanya kweli, ukakuta kwamba usahihi wa vifuniko ulikuwa wastani wa asilimia 41. Utafiti wa namna hiyo hiyo wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 50. Maendeleo yapo. Hata hivyo, takwimu hizo zinaonyesha kwamba picha nzuri ya meno yaliyonyooka ambayo mteja huonyeshwa siku ya kwanza ni mpango tu, wala si ahadi. Wagonjwa wengi huhitaji mfululizo wa pili wa vifuniko, na mtu wa kuliona hilo ni daktari anayeyakagua meno yenyewe, si picha za simu peke yake.

Upande wa pili wa mizani, vifuniko vina faida zake za kweli. Havionekani kwa urahisi. Maumivu ya siku za mwanzo huwa madogo kuliko ya vyuma. Hakuna waya unaochoma shavu usiku, na safari za dharura kwa daktari ni chache. Kubwa kuliko yote, mtu huvua kifuniko akasafisha meno yake kama kawaida.

Chakula na usafi

Mwenye vyuma anakatazwa vitu vigumu na vinavyonata. Kwa watu wetu orodha hiyo si fupi: mahindi ya kuchoma, miwa, bisi, karanga za kukaanga, mifupa ya kutafuna, kashata, halua. Kibandiko kimoja kikibanduka, jino husimama au hurudi nyuma mpaka kigandishwe upya. Mabaki ya chakula hujificha kwenye nyaya, na asiyesafisha vizuri huachiwa madoa meupe kwenye meno, ambayo ni mwanzo wa kuoza. Madoa hayo huonekana vizuri zaidi siku vyuma vinapoondolewa, wakati mgonjwa alitarajia kufurahi.

Mwenye vifuniko hana katazo la chakula, ila ana mtihani mwingine. Utamaduni wetu ni wa chai na kahawa. Mtu hupewa kikombe asubuhi, akapewa kingine kazini, na jioni akitembelea jamaa hawezi kutoka bila ya kukaribishwa. Akinywa chai ya moto na kifuniko mdomoni, plastiki hupinda. Ikiwa chai ina sukari, sukari hiyo hufungiwa kati ya plastiki na jino, mahali ambapo mate hayafiki kuiosha, na jino huanza kuoza. Akivua kila mara, saa 22 hupungua zikawa 15, na kifuniko kinachofuata hakitaingia.

Katika mwezi wa Ramadhani hesabu hubadilika. Mchana saa za kuvaa hupatikana bila ya shida, lakini kula kidogo kidogo tangu futari hadi daku huzipunguza upya. Mfungaji anayevaa vifuniko hufaidika akiyapanga maakuli ya usiku katika vipindi maalumu, na kuyasafisha meno baada ya kila kimoja.

Ndiyo maana madaktari husema kwamba vyuma hufanya kazi hata kwa mgonjwa msahaulifu, ilhali vifuniko hufanya kazi kwa yule anayevivaa tu. Mzazi anayemchagulia kijana wa miaka 13 anapaswa kulifikiria jambo hilo kabla ya kutazama bei.

Mwanya, maji na meno ya nailoni

Yapo mambo ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani havitilii mkazo, na ambayo Mwafrika Mashariki anapaswa kuyataja mwenyewe mbele ya daktari wake.

La kwanza ni mwanya. Katika jamii zetu nyingi nafasi baina ya meno mawili ya mbele ya juu ni pambo, na washairi na waimbaji wameusifu mwanya kwa vizazi. Kwa daktari aliyesomea kwingine, nafasi hiyo ni kasoro ya kuzibwa, na programu ya kompyuta huiziba bila ya kuuliza. Anayeutaka mwanya wake ubaki aseme siku ya kwanza, kabla ya mpango kuchorwa. Kitiba inawezekana kabisa kuyapanga meno mengine na kuuacha mwanya ulivyo.

La pili ni maji. Katika maeneo ya Bonde la Ufa na kandokando ya milima yenye asili ya volkano, kama Arusha, Kilimanjaro, Nakuru na Naivasha, maji mengi ya ardhini yana madini ya floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Waliokulia huko huwa na meno yenye mabaka ya kahawia. Gundi hushika kwa shida kwenye jino la namna hiyo, na vibandiko hubanduka mara kwa mara. Daktari akijulishwa mapema aweza kuliandaa jino kwa njia tofauti. Tatizo hilo huvihusu vifuniko pia, kwa sababu vinundu vyake hugandishwa kwa gundi.

La tatu ni la kusikitisha. Katika baadhi ya jamii za Tanzania, Kenya, Uganda na nchi jirani, mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, huambiwa kwamba ana "meno ya nailoni" au "meno ya plastiki", na chipukizi za chonge zake hufukuliwa kwenye ufizi kwa kifaa chenye ncha. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Mtoto huweza kufa kwa kutoka damu au kwa maambukizo, na anayepona huweza kukua akiwa na chonge za kudumu zilizoharibika au zisizoota kabisa. Mtu mzima mwenye historia hiyo anahitaji picha za eksirei na mpango wa daktari bingwa, na si vifuniko vya kuagiza kwa posta.

Gharama

Nchini Marekani tiba ya vyuma na ya vifuniko chini ya daktari hugharimu takribani kati ya dola 3,000 na 8,000, kwa kutegemea ugumu wa kazi na mahali, na tofauti ya bei baina ya vifaa hivyo viwili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mpango wa serikali wa Medicaid huwalipia watoto na vijana walio chini ya miaka 21 ikiwa tiba ni ya lazima kiafya, si kwa sababu ya urembo peke yake.

Nchini Uingereza mfumo wa afya wa taifa, NHS, huwatibu bure walio chini ya miaka 18 ambao meno yao yanafikia kiwango maalumu cha uhitaji. Kwa kawaida wanachopewa ni vyuma, si vifuniko, na katika maeneo mengi foleni ni ndefu. Wazazi wanashauriwa kuliulizia jambo hili mapema. Chama cha madaktari wa fani hii nchini Marekani kinapendekeza mtoto achunguzwe kwa mara ya kwanza asipopita umri wa miaka 7, ingawa wengi wao hawatahitaji tiba wakati huo.

Afrika Mashariki ina vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno, vikiwemo Muhimbili, Nairobi na Makerere. Mabingwa wa kupanga meno ni wachache, na wengi wao wako katika miji mikubwa. Vyuma vina faida moja huko: vibandiko na nyaya huhifadhiwa kabatini, na kilichoharibika hubadilishwa papo hapo. Vifuniko vya kampuni kubwa hutengenezwa viwandani nje ya eneo letu, kama kiwanda cha Align Technology kilichoko Juárez, Mexico. Kifuniko kikipotea, mgonjwa hungoja shehena.

Tiba na safari

Kwa sisi tunaoishi mbali na nyumbani, hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi. Tiba ya miaka miwili ni ndefu katika maisha ya mtu ambaye mkataba wake wa kazi wa Ghuba ni wa miaka miwili, ambaye viza yake ya masomo inaisha mwezi Juni, au ambaye hajui mwakani atakuwa nchi gani.

Mwenye vyuma akihama, lazima apate daktari mwingine atakayekubali kuikamilisha kazi ya mwenzake. Wengi husita, kwa kuwa hawajui mpango ulivyokuwa, na anayekubali huenda akataka malipo mapya. Vyuma vilivyoachwa bila ya usimamizi kwa miezi mingi haviko salama: waya huendelea kusukuma, fizi huvimba, na meno huanza kuoza.

Mwenye vifuniko ana unafuu kidogo. Daktari aweza kumpa vifuniko vya miezi miwili au mitatu asafiri navyo, na kumwona tena akirudi. Kwa mtu anayekwenda nyumbani likizo ndefu, hilo ni jambo la maana. Lakini unafuu huo una mpaka. Jino likikataa kufuata mpango, kuendelea kubadilisha vifuniko hakusaidii kitu, na lazima apatikane mtu wa kulitazama.

Hapo ndipo ilipo hatari ya huduma za posta. Kufungwa kwa SmileDirectClub hakukuwa kisa cha mwisho. Mwezi Oktoba mwaka 2024 kampuni ya Dentsply Sirona ilisitisha kwa hiari yake uuzaji wa vifuniko vya Byte, ambavyo navyo vilitumiwa nyumbani kwa mteja. Wenye daktari wao walikuwa na mtu wa kumwendea. Wengine walikuwa na nambari ya simu tu.

Kuna hatari kubwa zaidi inayoenea kwa video za mitandao: kufunga mpira mdogo kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba nafasi. Jino limekuwa jembamba kuelekea kwenye mzizi, kwa hiyo mpira hupanda chini ya ufizi usionekane tena, huku ukiendelea kukata nyuzi zinazolishikilia. Wapo waliopoteza meno mazima kwa njia hiyo. Haifai kwa mtu yeyote.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza: ni nani atakayeisimamia tiba, na je, amesajiliwa? Nchini Uingereza orodha ya mabingwa iko kwa General Dental Council na mtu yeyote aweza kuitazama. Kenya lipo baraza linalosimamia madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, nalo hutunza rejista ya waliosajiliwa.

Pili: je, fizi zangu zimepimwa na picha za eksirei zimepigwa? Anayeahidi kuanza bila ya hayo aachwe.

Tatu: bei hii inajumuisha nini? Uliza kuhusu vifuniko vya ziada, vibandiko vinavyobanduka, na kifaa cha kuvaa baada ya tiba.

Nne: nikihama nchi, itakuwaje? Omba iandikwe ni kiasi gani utarudishiwa, na kwamba utapewa nakala ya kumbukumbu zako zote: picha za eksirei, mafaili ya umbo la meno, na mpango wa tiba. Zitunze kama unavyotunza vyeti vya shule.

Tano: je, kwa meno yangu hasa, ungechagua kifaa gani kama bei ingekuwa moja? Sikiliza sababu, usisikilize jina la kifaa tu.

Baada ya tiba

Siku vyuma vinapotolewa, au kifuniko cha mwisho kinapovuliwa, kazi haijaisha. Nyuzi zinazoshikilia meno huchukua miezi mingi kuzoea mahali papya, na hata baada ya hapo meno huendelea kusogea kidogo kidogo kadiri mtu anavyozeeka. Hali hiyo haichagui kifaa kilichotumika.

Kwa sababu hiyo mgonjwa hupewa kifaa cha kuyashikilia meno: ama waya mwembamba unaogandishwa nyuma ya meno ya mbele, ama kifuniko cha plastiki cha kuvaa usiku. Mwanzoni huvaliwa kutwa nzima kwa kadiri daktari atakavyoagiza, kisha usiku tu. Ushauri wa siku hizi ni kwamba usiku huo uendelee maadamu mtu anataka meno yake yabaki yalivyo. Kifaa hicho huchakaa na kupotea, kwa hiyo anayesafiri anafaa kuwa na cha akiba, na kujua mapema ni kliniki ipi katika mji anaokwenda inayoweza kumtengenezea kingine.